Pauni za Farasi Aliyeshindwa



Ndugu wasomaji, akina mama na akina dada, wiki hii ukumbi wetu umepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa hapa Pwani. Ameomba jina lake na mtaa wake visitajwe, nasi tumemhifadhia sitara yake. Nimeisoma barua hiyo mara tatu, kwa sababu jambo alilolieleza ni geni kwa wengi wetu, lakini huenda limo ndani ya nyumba zaidi ya moja bila ya wenyewe kujua.

Mama huyu ana mtoto wa kiume aliyekwenda Uingereza kusoma, na ambaye baadaye alipata kazi ya usiku katika ghala la bidhaa. Mwanzoni alikuwa akileta kidogo, kwa kadiri ya mshahara wake. Tangu mwaka jana fedha zimeongezeka. Kwa fedha hizo nyumba imeezekwa mabati mapya, na kijana ameahidi kugharamia harusi ya dadake itakayofanyika Mfungo Mosi, inshaAllah. Katikati, mama anasema, palipita miezi miwili ambayo kijana hakuleta hata senti. Alipoulizwa, alisema kazi imekuwa haba.

Jioni moja wakizungumza kwa simu, mama alisikia makelele ya televisheni nyuma ya mwanawe, kisha kijana akapiga ukelele wa furaha: “Ameshindwa, alhamdulillah!” Mama akauliza ni nani huyo aliyeshindwa hata ashukuriwe Mungu. Kijana akacheka: “Ni farasi, Mama.” Alipobanwa aseme kweli, alijibu hivi: “Mimi sichezi kamari, Mama. Wachezaji kamari ni wale wanaotaka farasi ashinde. Mimi husimama upande wa pili. Tena si mimi, ni kompyuta inayofanya kazi hiyo. Mimi nimeiandikia hesabu tu.”

Mama anamalizia barua yake kwa maneno yaliyonigusa: “Usiku ule sikulala. Mvua ilinyesha, nami nikawa nayasikiliza mabati. Dada yangu, nifahamishe. Kilicho juu ya kichwa changu ni halali au ni haramu?”

Dada yangu, wanavyuoni wetu wametufunza kwamba jambo halihukumiwi kabla ya kufahamika. Basi tulifahamu kwanza hilo alifanyalo kijana wako, kisha tuzipime hoja zake moja moja.

Huko Uingereza mashindano ya farasi ni mchezo wa karne nyingi, na kamari imefungamana nao tangu zamani. Desturi ya zamani ilikuwa kwamba mchezaji humwendea mwenye duka la kamari, akaweka dau juu ya farasi fulani, na akishinda hulipwa na mwenye duka. Mwaka 2000 mabwana wawili, Andrew Black na Edward Wray, walianzisha mjini London kampuni iitwayo Betfair, yenye mtindo mwingine. Kampuni hiyo ilifungua soko la dau katika intaneti. Katika soko hilo haishindani na mchezaji kama afanyavyo mwenye duka. Huwakutanisha wachezaji wenyewe kwa wenyewe: mmoja asema farasi huyu atashinda, mwingine asema hatashinda. Kampuni huwaunganisha, huzishika fedha za wote wawili, na mbio zikiisha humkata aliyeshinda kamisheni yake.

Huyo asemaye farasi hatashinda ndiye aliyesimama “upande wa pili”. Tuchukue mfano. Farasi ana bei ya 11. Maana yake ni kwamba anayemuunga mkono kwa pauni 10, farasi akishinda, atarudishiwa pauni 110, yaani pauni 10 zake na pauni 100 za faida. Pauni 100 hizo hutoka mfukoni mwa yule aliyempinga. Farasi akishindwa, mpingaji huchukua zile pauni 10. Kwa hivyo mpingaji hujiweka katika hatari ya kupoteza pauni 100 ili apate pauni 10.

Soko hilo halifungwi mbio zinapoanza. Farasi wakiwa mbioni, bei hupanda na kushuka kwa kila hatua. Aliyetangulia bei yake hushuka, aliyejikwaa kwenye kiunzi bei yake huruka juu. Mbio fupi humalizika kwa muda wa dakika moja hivi, na mkono wa mwanadamu hauwezi kuyafuata mabadiliko hayo. Ndipo watu walipoandika programu za kompyuta za kuwafanyia kazi hiyo. Programu hupewa amri mapema: “Mbio zikishaanza, farasi fulani akifika bei fulani, mpinge kwa pauni kadha.” Mwenyewe aweza kuwa jikoni akipika chai, au amelala, au yumo kazini, na programu ikaendelea kuweka dau mbio baada ya mbio. Hiyo ndiyo “hesabu” anayoitaja kijana wako.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe, kwa kuwa anajivunia hesabu. Soko lenye maelfu ya watu hufanya bei ikaribie ukweli. Farasi mwenye bei ya 11 hushinda takriban mara moja katika mbio 11. Mpingaji wa pauni 10, katika mbio 11, atashinda mara 10 na kupata pauni 100. Mara moja farasi atashinda, naye atalipa pauni 100. Amerudi alikoanzia. Lakini katika kila mara aliyoshinda, kampuni imekata kamisheni yake. Tukisema ni asilimia 5, basi ni senti 50 za pauni mara 10, yaani pauni 5. Amefanya mbio 11, amekesha, na amepungukiwa na pauni 5.

Dada yangu, zingatia mpangilio wa hesabu hii. Ushindi ni mwingi na mdogo, hasara ni chache na kubwa. Kwa siku nyingi mtu hujiona hodari, kwa sababu katika mbio yoyote farasi wanaoshindwa ni wengi kuliko anayeshinda. Kisha huja siku moja inayozoa kilichokusanywa kwa wiki kadha. Sitaki kumdhania mwanao vibaya, lakini nakuomba uikumbuke ile miezi miwili aliyosema kazi imekuwa haba.

Wapo watakaosema: programu nzuri huweza kuishinda bei ya soko. Huenda mmoja akaishinda kwa muda, lakini anashindana na nani? Picha za televisheni hufika nyumbani zimechelewa kwa sekunde kadha, na wapo wachezaji wanaokaa penye uwanja wenyewe wakiona kwa macho yao. Soko nalo hulichelewesha dau linalowekwa mbio zikiendelea kwa sekunde moja au zaidi. Anayetazama chumbani kwake anaona yaliyokwisha kupita, na mwenye kompyuta ya kasi na picha ya mapema ndiye anayechukua fedha zake.

Tena kompyuta hukosea, na ikikosea haijui kuona haya. Tarehe 28 Desemba 2011, katika uwanja wa Leopardstown mjini Dublin, nchini Ireland, farasi jike aitwaye Voler La Vedette alikuwa mbioni akielekea kushinda. Ghafla ikaonekana katika soko la Betfair kwamba yupo mtu anayempinga kwa bei ya 29, na yuko tayari kupokea dau la pauni zipatazo milioni 21. Lau dau hilo lote lingelipwa, mpingaji angedaiwa karibu pauni milioni 600. Farasi alishinda. Waliochangamkia bei ile wakajiona wametajirika kwa dakika moja. Ilipochunguzwa, ikabainika kwamba aliyempinga ni programu ya kompyuta ya mteja mmoja ambaye akaunti yake haikuwa na hata pauni 1,000. Kampuni ilieleza kwamba kasoro katika mitambo yake iliruhusu dau hilo kupita kizuizi, na ikafuta dau zote zilizowekwa mbio zile zikiendelea. Hii ndiyo “kazi” ambayo mwanadamu huiacha ijiendeshe yenyewe huku yeye akipika chai.

Tumeshalifahamu jambo. Sasa tuzipime hoja za kijana.

Hoja ya kwanza ni kwamba yeye yuko upande wa pili. Kamari, dada yangu, ni mkataba wa watu wawili, na hauwezi kuwa kamari kwa mmoja na biashara kwa mwingine. Ni kama riba: aitoaye na aipokeaye wote wamo ndani. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ameitaja kamari pamoja na ulevi, akaiita uchafu katika matendo ya Shetani, akatubainishia kwamba kwayo Shetani hutia uadui baina ya watu na huwazuia wasimkumbuke Mola wao na wasiswali. Hakuna katika aya hizo aliyetolewa kwa sababu ya upande aliosimama.

Hoja ya pili ni kwamba si yeye, ni kompyuta. Sisi watu wa Pwani hili hatuhitaji kufundishwa. Mvuvi hutega dema lake jioni, akarudi nyumbani akalala. Samaki walioingia usiku ni wake, wala hakuna anayesema kwamba mwenye kuvua ni dema. Na kama amelitega mahali palipokatazwa, lawama ni yake, hailaumiwi fito. Aliyeiandika amri, akaitia fedha zake na akapokea faida yake ndiye mtendaji.

Hoja ya tatu, ambayo hakuisema waziwazi lakini nimeisikia kwa vijana wengi, ni kwamba hii ni elimu na hesabu, si bahati. Nakubali kwamba ndani yake mna elimu. Lakini elimu haibadilishi asili ya mali inayopatikana. Tazameni mchezo wetu wa akina mama wa kuchangiana fedha kila mwezi: kila mmoja hutoa, kila mmoja hupokea zamu yake, na mwisho hakuna aliyedhulumika. Tazameni biashara: muuzaji hutoa khanga, mnunuzi hutoa fedha, wote wawili wakaondoka na kitu mkononi. Katika soko la dau hakuna khanga, hakuna samaki, hakuna huduma. Kila pauni iliyomfikia kijana wako imetoka kwa mtu aliyeipoteza, na huenda mtu huyo ni baba aliyewanyima wanawe chakula cha jioni. Sheria yetu imekataza hata kuuza samaki wangali baharini, kwa sababu ya kutojulikana matokeo yake. Seuze kuuza kushindwa kwa farasi ambaye bado anakimbia!

Hoja ya nne huenda akaileta ukimbana: kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, aliruhusu mashindano ya farasi. Ni kweli, tena ni sunna yenye heshima. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba aliwashindanisha farasi waliotayarishwa kutoka Hafya hadi Thaniyatul Wadaa, na wasiotayarishwa kutoka hapo hadi msikiti wa Banu Zurayq, na Abdullahi bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Pia imepokewa hadithi inayoruhusu zawadi katika mashindano ya ngamia, farasi na kulenga mishale. Lakini mafakihi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, wameiwekea zawadi hiyo mipaka. Ikitolewa na kiongozi au mtu mwingine asiyeshindana, ni halali. Ikitolewa na mmoja wa washindani peke yake, ni halali. Kila mmoja akiweka mali yake ili mshindi azoe zote, hiyo ni kamari, isipokuwa aingie baina yao mshindani mwingine asiyeweka kitu na mwenye uwezo wa kuwashinda. Na hayo yote ni kwa mwenye kushindana, seuze mtazamaji aliyekaa pembeni akiwekea dau mbio za mwenziwe.

Mfano wake tunao nyumbani. Wakati wa Maulidi ya Lamu hushindanishwa punda, na vijana hukimbia nao ufukweni huku mji mzima ukishangilia. Mshindi hupewa zawadi, aliyeshindwa hurudi kwao na punda wake, na hakuna aliyepoteza karo ya mtoto.

Sasa nirudi kwenye swali lako, dada yangu. Mimi si mufti, ni mama kama wewe. Nililipeleka swali lako kwa ustadhi mmoja ninayemwamini, bila ya kukutaja, naye akanipa mwongozo huu, akasisitiza kwamba ulifikishe kwa sheikh wa msikiti wako ili azisikie hali zenu kwa ukamilifu.

Alisema kwamba ulichokipokea bila ya kujua, dhambi yake haiko juu yako. Usipande darini kung'oa mabati. Kuanzia sasa, usichukue fedha unazojua kwa yakini kwamba zimetoka katika dau. Mshahara wake wa ghalani ni halali, na hata ukiwa shilingi chache, upokee kwa moyo mkunjufu na umwombee dua. Ama kijana, tawba yake ni kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudi. Fedha za dau alizonazo, kwa kuwa hawezi kuwajua wenyewe waliozipoteza, hujivua nazo kwa kuwapa masikini au kuzitia katika maslahi ya Waislamu, bila ya kuziita sadaka ya kutafutia thawabu. Zilizokwisha kutumika, sheikh atawaelekeza namna ya kuzifidia kidogo kidogo.

Ama harusi ya binti yako, najua hapa ndipo panapouma. Jamaa wamekwisha kuambiwa, na pengine sare zimekwisha kuchaguliwa. Lakini nikahi haihitaji ukumbi wa kukodi. Yahitaji walii, mashahidi wawili na ridhaa, na mahari hutoka kwa bwana harusi. Sufuria moja ya pilau iliyopikwa kwa fedha safi, ikaliwa uani na majirani, ni walima kamili. Mkalishe binti yako mueleze kweli. Mabinti wetu wana imani kuliko tunavyowadhania, na afadhali aingie nyumbani kwake kwa baraka chache kuliko kwa shangwe ya mali ya watu.

Kuhusu kuzungumza na mwanao, nakunasihi usianze kwa kumlaani. Kijana aliye peke yake ugenini, akifungiwa mlango na mamake, atabaki na kompyuta yake tu. Mpigie wakati ametulia, umwambie kwamba umelifahamu jambo lake, na umweleze hesabu ya zile mbio 11 ili ajue kwamba mamake si mjinga. Kisha muulize maswali matatu: Katika ile miezi miwili ulipoteza kiasi gani? Je, una deni la mtu au la benki? Je, ukiizima programu hiyo leo, utaweza kulala? Majibu yake yatakuonyesha kama ni mtu aliyeteleza au ni mtu aliyefungwa.

Akiwa amefungwa, huko aliko upo msaada. Nchini Uingereza pana mpango uitwao GamStop, ambao mtu hujiandikisha bila ya malipo ili azuiwe kucheza kamari ya mtandaoni. Tangu tarehe 31 Machi 2020 kampuni zote za kamari ya mtandaoni zenye leseni ya huko zinalazimika kuufuata. Mtu huchagua miezi 6, mwaka 1 au miaka 5. Benki nyingi za huko pia huweza kuzuia malipo ya kamari kwenye akaunti mteja akiomba, na huduma ya afya ya taifa ina kliniki za kuwatibu waliotawaliwa na kamari. Kuutumia msaada huo si aibu. Aziandike pia namba za imamu wa msikiti ulio karibu naye, na ahudhurie swala ya jamaa, kwani mbio nyingi za farasi hufanyika mchana na alasiri, na mwenye kusimama safuni saa hizo hayuko mbele ya bei za farasi.

Na nyinyi wasomaji wengine, msiseme kwamba jambo hili ni la Uingereza. Majina hubadilika: huku ni mpira, kule ni farasi, kwingine ni ndege ya kuchorwa kwenye simu. Kijana akisema amepata fedha, tumezoea kuuliza ni ngapi. Tujizoeze kuuliza zimetoka wapi, na tuulize mapema, kabla ya mabati kupigiliwa misumari.

Dada yangu, umeniambia kwamba usiku ule hukulala. Moyo unaokosa usingizi kwa kuiogopa haramu ni neema, basi ushukuru. Mwenyezi Mungu amrudishe mwanao katika riziki iliyo safi, ambariki binti yako katika ndoa yake, na atuhifadhie watoto wetu walio karibu na walio mbali. Amin.

Ukipenda, tuandikie tena baada ya kuzungumza naye. Nasi tutaendelea kuitunza sitara yako.

Wabillahi tawfiq. Tukutane Ijumaa ijayo, inshaAllah.